Mstari Tusiouhifadhi

Watu wasiotupenda walisema kikundi chetu kilikuwa cha majivuno. Sawa, tulijivuna. Tulikuwa mawakili saba na kompyuta moja, katika chumba cha uani nyuma ya saluni ya kina mama, Kinondoni, na kila Jumamosi asubuhi tulivua viatu mlangoni ili tusiingize vumbi. Feni ilikuwa moja na tuliielekeza kwenye mashine, sisi tukatoka jasho. Aliyelalamika joto aliambiwa kwamba yeye akiugua hospitali ipo, lakini mashine ikiugua hakuna anayeijua dawa yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yamejaa tena baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: fulana za mitumba, redio, magari yaliyochokwa na wenzetu. Kompyuta yetu nayo ilikuwa mtumba. Ililetwa na mkubwa wetu kwa umri, ambaye shemeji yake alikuwa akienda Dubai kufuata bidhaa. Tulimwita Mwenyekiti ingawa hatukuwahi kupiga kura. Alikuwa na mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu embe kama limeiva. Tukimaliza kikao aliifunika mashine kwa kanga ya mkewe iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Nilikuwa naipenda kanga ile kuliko mashine yenyewe.

Mahasidi walikuwepo. Mawakili wakubwa wa mjini, wenye ofisi za kupanda kwa lifti, walituita wapiga chapa wenye majoho. Kwao wakili alikuwa mtu wa kutembea tembea ofisini akisema maneno, karani akayaandika, mpiga chapa akayagonga kwenye mashine ya taipu na karatasi zake za kaboni, yeye akaja mwisho kutia saini. Wakili kugusa vibonyezo ilikuwa aibu, sawa na bwana harusi kuonekana anaosha masufuria ya harusi yake.

Aibu hiyo mimi niliijua kwa upande mwingine. Katika wale saba nilikuwa mwanamke peke yangu. Tangu nivae joho haukupita mwezi bila mtu kuingia ofisini kwangu, akanikuta nimekaa nyuma ya meza yangu mwenyewe, akaniuliza wakili atarudi saa ngapi. Nilikuwa nimeapa kwamba sitagusa mashine ya taipu maishani mwangu. Lakini siku nilipoona aya nzima inafutika, na karatasi inatoka haina hata kidoa cha ule wino mweupe wa kufutia, nilisema hiki kitu sikiachii. Waniite mpiga chapa. Nitapiga chapa mpaka wachoke kuniita.

Kilichotuunganisha hasa kilikuwa kuazimana mifano ya hati. Nusu ya kazi ya wakili ni kurudia. Hati ya kiapo ya leo inafanana na ya jana: mimi fulani, mtu mzima, wa dini fulani, mkazi wa Dar es Salaam, naapa na kusema kama ifuatavyo. Dini hutajwa kwa sababu ndiyo inayoamua mtu aape kwa namna gani. Halafu chini kabisa kuna mstari wa kufungia, unaosema kwamba hati hii iliyoandikwa kwa Kiingereza imesomwa na kufafanuliwa kwa mwapaji kwa Kiswahili, naye ameielewa kabla hajatia saini. Ukishaihifadhi hati moja nzuri kwenye disketi, inayofuata ni kubadilisha majina tu. Kila mmoja wetu alitunza disketi zake ndani ya kopo la biskuti kwa kuogopa unyevu wa pwani, na tulipokutana tulifunguliana makopo hayo kwa fahari kubwa.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake alikuja kwangu siku ya Jumatano, nguo zake zinanukia iliki. Alikuwa anakaanga vitumbua Temeke, mbele ya nyumba aliyoishi na mumewe zaidi ya miaka ishirini. Mume alikuwa kuli bandarini, na alikuwa amefariki. Hawakujaliwa mtoto. Mama alipotoka tu eda, ndugu wawili wa marehemu wakaja na mnunuzi, wakavipima vyumba kwa hatua za miguu huku yeye ameketi barazani anawatazama.

"Mwanangu," aliniambia, "mie sikatai wana haki yao. Ni kaka yao. Lakini na mie nina fungu langu la ujane, tena nina jasho langu mle ndani. Wanauza na mie nimo humo humo, kama kabati."

Nilimwahidi kumtafutia zuio la mahakama, ili nyumba isiuzwe mpaka kesi isikilizwe. Nilikwenda Kinondoni, nikafungua hati niliyokuwa nimemwandalia mwalimu mstaafu wa Segerea aliyegombania kiwanja chake cha Madale. Ilikuwa hati nzuri, hakimu mwenyewe alikuwa ameisifu. Nikabadilisha majina, nikafuta kiwanja nikaweka nyumba, nikafuta Madale nikaweka Temeke. Printa ikakereketa kwa ule mlio wake wa kukwaruza, karatasi zikatoka zimenyooka, safi, na mimi nikazishika kwa ncha za vidole nisije nikazichafua.

Kesho yake mama alikuja. Nilimwonyesha pa kutia saini, akatia kwa mkono wa polepole. Nikampeleka kwa kamishna wa viapo aliyekuwa na ofisi jirani, ambaye alikuwa na foleni mpaka nje, akagonga muhuri wake bila kuinua kichwa. Hakuna aliyemsomea. Nilikuwa nakimbilia masjala kabla haijafungwa. Niliyajua yaliyomo, nikaona kujua kwangu kunatosha.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa mashemeji alikuwa mmoja wa wale wa lifti, mwenye sauti ya kupendeza na haraka hana. Alisimama, akavaa miwani, akaisoma hati yangu kwa Kiingereza, halafu, kwa starehe ya waliohudhuria, akairudia kwa Kiswahili. Mimi, mjane wa marehemu, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Dar es Salaam.

Mwalimu wa Segerea alikuwa Mkristo. Neno hilo moja nilikuwa nimelisahau.

Watu walicheka, na kicheko kilichukua muda kwisha. Yeye akangoja, kisha akaeleza kwa upole kabisa. Marehemu alikuwa Mwislamu, na mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu. Kwa sheria hiyo, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mjane mwenyewe ameapa kwamba ni Mkristo. Kwa hiyo hana fungu, na asiye na fungu hana cha kuzuia. Akaketi, akakunja miwani. Hakimu akaahirisha kwa wiki moja. Alisema nikirudi bila jibu atayatupa maombi yangu na mnunuzi ataendelea na shughuli zake.

Koridoni mama alinishika kiwiko. "Mwanangu, nani Mkristo?"

Nilimwambia kuna kosa limetokea, nitalirekebisha. Sikumwambia ni kosa la nani. Hilo mpaka leo nikilikumbuka najisikia vibaya.

Habari ilifika Temeke kabla yake, mashemeji waliibeba wenyewe. Eti ameritadi, kaacha dini, kaapa mahakamani. Mtaani kwake yeye ndiye aliyekuwa mkono wa pilau katika kila shughuli. Wiki ile kulikuwa na maulidi nyumba ya tatu kutoka kwake, yakapikwa bila yeye kuitwa. Vitumbua vyake vya asubuhi vililala kwenye sinia.

Jumamosi kikundi kilikutana, na ajenda nilikuwa mimi. Mjini kote ilikuwa imeshavuma kwamba kompyuta ya Kinondoni imembadilisha dini mwanamke wa Kiislamu. Mwenyekiti alikuwa ameshapata dawa.

"Sema mashine imeharibika," alisema. "Sema virusi. Hakuna hakimu mjini hapa anayejua virusi vya kompyuta vinakula nini."

Wenzangu wakacheka, ndiyo mara yao ya kwanza kupumua tangu waingie. Mmoja, aliyekuwa na ofisi Kipawa, akaongeza kwamba nikikiri nitakuwa nimekiua kikundi. "Watasema si tuliwaambia? Watapata raha, sista. Tutarudi kwenye kaboni sisi sote kwa ajili ya neno moja."

Sikatai kwamba nilishawishika. Ushauri ulikuwa mtamu, na ulikuwa na ukweli ndani yake, maana kweli hakimu asingejua. Lakini nilivyozidi kuwasikiliza ndivyo hasira ilivyozidi kunipanda, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mashine haikumfanya yule mama Mkristo," niliwaambia. "Ni mimi. Tukisema mashine imedanganya, kesho kila karatasi itakayotoka humu wataiita ya uongo, na tutakuwa tumewafundisha sisi wenyewe. Halafu kuna uongo mwingine hamjautaja. Chini pale imeandikwa nimemsomea. Sikumsomea. Huo nao mtavisingizia virusi?"

Niliwauliza, mmoja mmoja, lini mara ya mwisho alimsomea mteja hati yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya saini. Walitazama sakafu. Mstari ule ulikuwa unatoka wenyewe na mfano, katika disketi za sisi sote, na ulikuwa unatoka hivyo hivyo hata enzi za taipu. Wa Kipawa alivaa viatu vyake akaondoka, na hakurudi tena. Mwenyekiti aliwasha mashine, akanisogezea kiti.

Niliandika hati yangu mwenyewe ya kiapo, nikaeleza nilivyofanya: mfano nilioutumia, neno nililoliacha, na kwamba mteja hakusomewa. Umeme ulikatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Kisha nikairekebisha hati ya mama.

Jumapili nilikwenda Temeke. Nilimkuta barazani na sinia lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikaketi kwenye mkeka, nikamwambia yote.

"Kumbe hukunisomea," alisema.

"Sikukusomea, mama."

"Na karatasi ikasema umenisomea."

"Ndiyo."

Alifunika vitumbua kwa kawa. "Mie wiki nzima nimekaa ndani najiuliza neno gani nilitamka vibaya mbele yenu nyie wasomi. Nikasema labda nimeulizwa kitu kwa Kizungu nikaitikia tu. Nimeomba toba kwa jambo nisilolijua, mwanangu."

Hilo lilinichoma kuliko kicheko cha mahakamani. Nilimwomba radhi, na najua radhi yenyewe ilikuwa ndogo. Hakusema amenisamehe. Alijiweka sawa kwenye kigoda, akasema, "Haya, soma. Soma kwa sauti, na wao wasikie."

Milango ya jirani ilikuwa wazi kama ilivyo ada ya mtaa, na wenye milango walikuwa wanajifanya wanachambua mchele. Nilisoma. Nilikuwa nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo na mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. "Soma," akasema. Nikasoma kwa nguvu: mimi, mjane wa marehemu, mtu mzima, Mwislamu. Akanyoosha kidole, akataka nirudie hapo. Nikarudia. Mbele kidogo nikafika kwenye aya ya tano, kwamba marehemu alijenga nyumba hiyo wakati wa uhai wake.

"Nani kajenga?"

"Marehemu, mama. Ndivyo tulivyoandika."

"Futa. Yeye mchana kutwa yuko bandarini anabeba magunia ya watu. Nani alichota maji ya kuchanganyia saruji? Nani alikaa na mafundi wasiibe misumari? Vitumbua hivi ndivyo vilivyolisha mafundi. Tulijenga. Andika tulijenga."

Ndipo mwanamke wa mlango wa pili, ambaye tangu nifike hakuwa amefungua kinywa, akasema bila kuinua macho kwenye ungo wake, "Ni kweli. Mie nilimsaidia ndoo." Mama hakumgeukia. Alimwambia, kavu kavu, "Basi utakuja kuyasema hayo huko." Yule akajibu atakuja. Baadaye alivuka uchochoro na sufuria, akanunua vitumbua vyote vilivyobaki kwenye sinia.

Niliandika pembeni kwa kalamu. Marekebisho yakawa matatu, manne, na moja lilikuwa la jina la mtaa. Nilikuwa nimeandika hati nzuri ya mtu mwingine kabisa. Tulipofika chini akauliza maandishi yale ya mwisho yanasema nini. Nikamwambia yanasema umesomewa kwa Kiswahili na umeelewa.

"Yameandikwa lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa umenisomea?"

Nilikata mstari ule kwa kalamu mbele yake. Kesho yake, nilipochapa upya, niliacha nafasi tupu. Nilimsomea tena, tukaenda kwa kamishna wa viapo, na mama akamtaka kamishna naye asome. Kamishna alinitazama mimi kuomba msaada, mimi nikatazama dirisha. Akasoma. Mama alipoitikia kwa kichwa kwamba ameridhika, ndipo nilipouandika ule mstari kwa mkono, yeye akifuata kalamu kwa macho mpaka nukta ya mwisho.

Mahakamani wakili wa lifti alipinga. Alisema ni huruma kuona wakili mwenzake ameamua kuwa mpiga chapa, na sasa wote wanayaona matunda yake. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sikujali nani anacheka.

"Ni kweli, Mheshimiwa, nilipiga chapa mwenyewe," nilisema. "Ndiyo maana najua kosa ni la nani, na nimelileta hapa kwa kiapo. Mwenzangu anapigiwa chapa. Hati zake zikikosewa sijui anamuuliza nani."

Hakimu hakucheka. Alinigombeza mbele ya wote, akasema wakili asiyemsomea mteja wake ni hatari kuliko karani mlevi. Niliinamisha kichwa nikapokea, maana alikuwa sahihi. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kiswahili yeye ni wa dini gani.

Mama alisimama, akajitanda kanga vizuri. "Mheshimiwa, mie dini yangu haikuingia kwa karatasi, na haitatoka kwa karatasi. Nyumba ndiyo imeingia kwenye karatasi. Kwa hiyo nimekuja na karatasi yangu, nayo nimesomewa."

Hakimu aliipokea hati mpya na kutoa zuio. Kesi yenyewe ilikwenda na kuahirishwa kama zinavyoahirishwa, na jirani wa ndoo alikuja kusema aliyoyaona. Nyumba haikuuzwa. Mashemeji walipata vyumba vya uani na mlango wao, mama akabaki na vya mbele na baraza yake. Mara ya mwisho kupita kwake alinifungia vitumbua, akaniuliza bado nasoma. Nikamwambia nasoma.

Kikundi hakikufa. Jumamosi iliyofuata baada ya lile zuio tulikaa watu sita, kila mmoja na kopo lake, tukafungua hati moja baada ya nyingine na kuufuta mstari wa mwisho. Mwenyekiti alifuta wake kwa kidole kimoja, na alituchukulia asubuhi nzima. Tangu siku hiyo hati za Kinondoni zilitoka na nafasi tupu pale chini, ikajazwa kwa kalamu baada ya mwenyewe kusomewa, akiwa ameketi mbele yako. Wakubwa wa mjini walipata jingine la kutucheka. Walisema tumenunua mashine na bado tunaandika kwa mkono.

Karani wa masjala naye aliwahi kunirudishia hati. Aliipenda ilivyochapwa, akaipitishia kidole, mpaka alipofika chini akakunja uso. "Sista, mbona mmeharibu hapa? Mna kompyuta nzima, mstari mmoja huu imeshindwa kuuhifadhi?"

"Haijashindwa," nilimwambia. "Huo hatuuhifadhi."